Jiko lenye kabati bapa ulipe sura ya koteji kwa mikono yako mwenyewe

Jamani, wengi wanaoniuliza kuhusu majiko ya koteji, zile nyumba ndogo za mashambani kule Uingereza, wanaanza na rangi, eti nipake rangi gani lifanane na yale. Rangi iache kwanza. Kinachofanya jiko lionekane kama ofisi ni ubapa, mlango wa kabati bapa, ukuta bapa, mwanga ukipiga unateleza tu haushiki popote, na ukilipaka rangi nzuri utapata jiko bapa lenye rangi nzuri. Koteji kila mahali kuna ukingo, kuna mfereji, kuna ubao umetokeza kidogo, na kila ukingo unaacha kivuli chembamba. Kazi yetu leo ni kutengeneza hivyo vivuli.

Kabla hujanunua chochote zima taa usiku, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa kabati imulike kwa mshazari. Pale ambapo mwanga unapita moja kwa moja bila kukutana na kitu, hapo ndo pa kufanyia kazi. Huhitaji kugusa kila kona, sehemu mbili tatu zinatosha kabisa.

Hatua ya 1: milango ya kabati

Hii ndo yenye faida kubwa kuliko zote so nitakaa hapa muda mrefu. Tunabandika papi, yaani vipande vyembamba vya ubao, kuzunguka mlango ili ionekane kama fremu na katikati pameingia ndani.

Ng'oa milango yote, kila mmoja uandike namba kwa penseli pale bawaba inapokaa (patafunikwa, hapataonekana), na bawaba zake weka kwenye kimfuko chenye namba hiyohiyo. Usijidanganye kwamba utakumbuka. Milango inafanana kwa macho lakini kila mmoja una mashimo yake.

Osha mafuta. Milango ya jikoni ina mafuta hata kama huyaoni, hasa karibu na vitasa na juu ya sehemu ya kupikia, tumia sabuni kali ya kukata mafuta, suuza, acha ikauke kabisa. Halafu piga msasa namba 120 mpaka ule mng'ao ufe. Kama kabati zako ni za zamani sana na zimepakwa rangi miaka na miaka, usipige msasa kabla hujaipima hiyo rangi, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi (Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978) na vumbi lake ni sumu, kwa watoto ndo hatari zaidi.

Sasa papi. Mi napenda upana wa sentimita 6 na unene wa milimita 6, nyembamba zaidi ya hapo kivuli hakitoki, nene zaidi mlango unakuwa mzito na bawaba zinalegea. Zile mbili za kusimama zinakwenda urefu mzima wa mlango kutoka juu hadi chini, zile za kulala zinaingia katikati yao. Hivyo ndivyo maseremala walivyokuwa wakiunga milango halisi ya fremu, na uzuri wake kwako ni kwamba hukati kona ya digrii 45 hata moja, unakata mraba tu. Pima kila mlango peke yake, usipime mmoja ukakatia yote.

Kabla ya gundi fanya jaribio hili: shikiza papi kwa tepu kwenye mlango wa kona, urudishe mlango mahali pake, ufungue. Umeongeza milimita 6, kwa hiyo mlango ulio karibu na ukuta au na droo ya upande wa pili unaweza kugonga. Bora ujue sasa. Na skrubu za vitasa zitahitaji kuwa ndefu zaidi, zinunue mapema.

Gundi nyeupe ya mbao inashika mbao kwa mbao. Mlango wenye ngozi ya melamini, ile laini kama plastiki, gundi nyeupe haishiki hata uikandamize siku nzima. Milango yangu ya kwanza nilibandika jioni, wiki mbili baadaye papi zikaanza kubanduka moja moja kuanzia kwenye kona, nikarudia kazi yote upya. Kwa melamini tumia gundi nzito ya ujenzi ile ya kwenye tyubu ya bunduki, upige msasa kabisa pale papi itakapokaa, ubane kwa klampu au uweke vitu vizito usiku kucha. Kwenye mbao ongeza misumari midogo isiyo na vichwa, miwili mitatu kwa kila papi, ifupi kuliko unene wa mlango na papi kwa pamoja isije ikatokeza nyuma.

Hatua ya 2: kujaza nyufa

Watu wengi wanairuka hii halafu wanashangaa kwa nini kazi yao inaonekana imebandikwabandikwa. Ule ufa mwembamba kati ya papi na mlango ndo unaokusaliti. Jaza kwa kijazio cha akriliki, kile kinachokubali kupakwa rangi, mstari mwembamba, pitisha kidole chenye maji mara moja tu usirudierudie. Isiwe silikoni tafadhali, silikoni haishiki rangi, utapaka na rangi itakimbia pale na kuacha mstari. Matundu ya misumari na maungio ya papi jaza kwa puti ya mbao, ikikauka msasa namba 240 mpaka ukipitisha ukucha hausikii kitu.

Kama papi zako ni za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, kingo zilizokatwa zinakunywa rangi kama sponji, zipake praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) mara mbili na upige msasa kati yake. Na ukikata MDF vaa barakoa, kata nje kama unaweza, lile vumbi ni jembamba mno.

Hatua ya 3: mbao za ukutani

Ule ukuta kati ya meza ya jikoni na kabati za juu uvalishe mbao zenye ulimi na mfereji, yaani ukingo uliotokeza wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa mwenzake, zisimame wima. Zilete ndani ya jiko siku tatu kabla, ziache zizoee hewa ya hapo maana mbao hunywa unyevu zikatanuka na kuutoa zikasinyaa. Na kitu ambacho fundi mmoja alinifundisha na sijawahi kukiacha: paka ulimi wa kila ubao rangi KABLA ya kuupachika, kwa sababu zikija kusinyaa msimu wa ukavu ulimi utachungulia, na kama haujapakwa utaona mistari ya mbao tupu ukuta mzima.

Anza katikati ya ukuta kwenda pembeni ili mbao za mwisho huku na huku zilingane upana. Ubao wa kwanza usimamishe kwa pima maji, usiamini kona ya ukuta, kona nyingi zimelala. Chini acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye meza halafu hapo ndo ujaze silikoni, maana ubao ukigusa meza unafyonza maji kwa miguu na unaoza kimyakimya. Nyuma ya jiko la gesi usiweke mbao kabisa, acha vigae au bati. Soketi za umeme zitahitaji kuvutwa mbele, hiyo mwachie fundi umeme.

Hatua ya 4: rafu na pazia

Haraka tu. Ng'oa kabati moja ya juu weka rafu ya wazi, ubao wa sentimita 2.5 unene na kina cha 20 hadi 25, vishikizo kila sentimita 60 na vishike kwenye nguzo za ndani ya ukuta au kwenye plagi za ukutani zinazolingana na uzito. Chini ya rafu panga ndoano za vikombe. Chini ya sinki ng'oa mlango uweke pazia la pamba kwenye fimbo, upana wa kitambaa mara moja na nusu hadi mbili ya nafasi yenyewe ili lipate mikunjo (mikunjo ni vivuli pia), lifue kabla ya kushona maana pamba husinyaa, na liishie kama sentimita 2 juu ya sakafu. Liwe mbali na moto.

Hatua ya 5: rangi, sasa ndo zamu yake

Praima ya kushika kwenye nyuso laini, kisha mikono miwili myembamba ya rangi, sio mmoja mnene, na msasa mwepesi wa 240 katikati. Mbao zenye vifundo zipake kwanza praima ya shelaki, la sivyo utomvu wa kifundo utapenya na kuleta doa la njano hata juu ya rangi tatu. Kwenye kona za papi paka kwa brashi, sehemu pana malizia kwa rola ya sponji kabla ile ya brashi haijakauka.

Vitasa vya mwisho. Kata kipande cha kadibodi, toboa shimo moja mahali unapotaka kitasa kikae, ukitumie kwenye kila mlango ili vyote vilingane. Toboa kutoka mbele huku nyuma umekandamiza kipande cha ubao chakavu, mlango hautachanika upande wa pili.

Rangi ikishakauka kwa kugusa bado ni laini ndani, iache wiki mbili mpaka tatu bila kuisugua wala kuiosha kwa sabuni kali. Bandika vipande vidogo vya felti kwenye kona za ndani za kila mlango kabla ya kuufunga siku ya kwanza, bila hivyo rangi mpya inagandana na fremu ya kabati na ukivuta asubuhi inabaki huko.