Ukimpeleka shangazi sinema London, ulizia projekta kwanza

Niko Magomeni likizo, na kila mgeni anayeingia, shangazi anamsimulia ile sinema ya London. Bado inaniuma.

Alipokuja kunitembelea nilimkatia tiketi kwa karibu mara mbili ya bei ya kawaida. Kampuni yenyewe siitaji. Imekipa chumba chake kimoja jina la kifahari la kuonyesha ndicho kikubwa kuliko vyote, na mlangoni pameandikwa Dolby Atmos. Nikaamini nimemaliza kazi. Filamu ilipofika usiku, skrini nzima ikawa kijivu. Shangazi akaniinamia: "Mwanangu, anayeongea ni nani?" Hata mimi sikumwona. Mvua tuliisikia ikitembea juu ya vichwa vyetu, safi kabisa, lakini uso wa mtu hauonekani.

Mtego ndio huo. Atmos ni sauti. Narudia, ni sauti peke yake. Ilianza 2012, inagawa sauti kwenye spika hadi 64, zikiwemo za darini, lakini projekta haiigusi. Dolby Cinema ni kitu kingine: Atmos hiyohiyo pamoja na projekta mbili za leza, mwanga zaidi ya mara mbili ya ukumbi wa kawaida, na giza lake ni giza kweli. London ipo kwenye ukumbi wa sinema wa Odeon, Leicester Square, tangu 2018. Neno moja tu limebadilika mlangoni, na hela yako imekwenda.

IMAX, zile sinema za skrini kubwa, nayo ina jina moja na mashine nyingi. Ipo ya mkanda wa filamu wa milimita 70 unaopita kwa ubavu kwenye projekta, zipo za projekta mbili za leza, za projekta moja ya leza, na zile za zamani za taa ya xenon zenye picha ya 2K, isiyo kali sana. Skrini ya asili ina umbo la 1.43 kwa 1, inakaribia mraba. Nyingi za kwenye maduka makubwa ni 1.90, fupi kwenda juu. Ukumbi wa IMAX wa BFI pale Waterloo, London, utaridhika: mita 20 kwenda juu, 26 upana. Ila hata hapo, kama filamu haikutengenezwa kwa umbo hilo, juu na chini patabaki peusi. Uliza filamu, uliza na mashine.

Tiketi unakata kwa simu. Kaa katikati, nyuma kidogo. Filamu yenye alama ya 15, yaani ya miaka 15 kwenda juu, mtoto wa 14 haingii hata akiwa na mama yake.

Waingereza hawakudanganyi, ila usichouliza hawakwambii. Kila kitu kimeandikwa mahali fulani kwa herufi ndogo, na ukishakaa kitini umekubali. Sisi Kariakoo hununui redio kabla haijawashwa mbele yako. Tabia hiyo msiiache uwanja wa ndege. Pigeni simu ukumbini, ulizeni projekta ni ya leza au ya taa. Mtu wa kaunta akibabaika, mwombe meneja.

Na nyie ndugu zangu mnaotuma ujumbe "anko, tupeleke kwenye skrini kubwa", nawapenda, lakini ukubwa wa skrini ndilo swali la mwisho. Skrini kubwa yenye mwanga hafifu ni shuka kubwa tu.

Binti wa shangazi viza yake imetoka juzi. Ameshaniuliza sinema, nami nimemjibu Leicester Square, siku ya kazi. Mama yake, akipepeta mchele, akadakia: "Muulize kwanza kama nyuso zinaonekana."