Namna ya kuandika maoni yako juu ya riwaya uliyoimaliza

Ukimaliza riwaya na mtu akakuuliza umeionaje, jibu la kwanza kuja mdomoni huwa ni "nzuri" au "si nzuri", na mazungumzo yakaishia hapo. Hilo hunisikitisha, hasa hapa Lamu, mji ambao wasikilizaji wa tenzi wamezoea kumsimamisha msomaji katikati ya ubeti, wakamtaka arudie kipande, wakabishana juu ya neno moja hadi kahawa ikapoa. Riwaya nayo yastahili masikio ya namna hiyo. Ninaeleza hapa jinsi ninavyoandika maoni yangu juu ya riwaya ninazosoma, nilizozipenda na zilizonikera, ili anayetaka kuanza daftari la aina hiyo apate pa kuanzia.

Vitabu vingi tunavyosoma hapa ni vya kuazimana, na nakala moja huweza kupita nyumba nne au tano kabla ya kurudi kwa mwenyewe, kwa hiyo usipige mistari ndani ya kitabu wala usikunje pembe za kurasa. Kata vipande vya karatasi vyembamba, urefu wa kidole, uviweke karibu yako unaposoma. Kila unapofika mahali palipokubadilisha hali, yaani ulipocheka, ulipokasirika, uliporudia sentensi mara mbili, au ulipoinuka kwenda kunywa maji na huku huna kiu, chomeka kipande kimoja na uandike juu yake neno moja tu kwa penseli: "hasira", "uongo", "mama", "nimechoka". Neno moja latosha. Ukianza kuandika sentensi nzima katikati ya usomaji utakuwa umeacha kusoma.

Ukishamaliza, andika usiku huo huo, au asubuhi yake, kabla hujakaa barazani na wenzako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maoni ni mepesi kuambukizwa: mtu mwenye sauti nzito akisema kitabu fulani ni upuuzi, wewe uliyekipenda jana utaanza kutafuta sababu za kukubaliana naye. Ukiwa umeshaandika, utaweza kumsikiliza kwa heshima na bado ukajua wewe mwenyewe uliona nini.

Jinsi ya kuandika nilifundishwa na shangazi yangu wa Langoni, ambaye husoma alasiri karibu na dirisha, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimrudishia kitabu siku moja nikamwambia nimekipenda sana.

"Umekipenda wapi, mwanangu?"

"Pote, shangazi."

Akanirudishia kitabu mkononi. "Pote si mahali. Nionyeshe ukurasa."

Nilisimama pale nikifungua na kufunga, na sikuupata. Tangu siku hiyo sijaandika neno la sifa wala la lawama bila ya kuandika kando yake namba ya ukurasa, na hii ndiyo kanuni ambayo ningependa uishike hata ukiziacha nyingine zote.

Mfano wangu ni *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Unguja hadi kwenye mgomo mkuu wa 1948. Katika daftari langu mara ya kwanza niliandika kwamba ni riwaya ya kusisimua kuhusu mgomo. Nilipovirudia vipande vyangu vya karatasi nikakuta kwamba kurasa za mgomo wenyewe zina vipande viwili tu, na vingine vyote vimejaa katika sehemu za kabla yake, pale Rashidi, mhusika mkuu, anapobeba mizigo, anapochoka, na anapoanza polepole kuuliza kwa nini kazi nzito kiasi kile humwacha mtu maskini vile vile. Kumbe nilichokipenda ni ule mwendo wa mtu mmoja kufumbuka macho, hatua baada ya hatua, bila ya mwandishi kumharakisha. Nikayafuta maneno yangu ya kwanza. Siku chache baadaye nilikuwa gatini nikiwatazama vijana wakishusha magunia kutoka chomboni, mmoja akaweka kitambaa begani kabla ya kupokea gunia, na nikajua kwa nini zile kurasa zimenikaa. Hilo nalo niliandika, kwa sababu maoni ya msomaji hayawi kamili mpaka yaseme yamegusa nini katika maisha yake.

Kuandika juu ya kitabu kilichokukera ndiyo kazi ngumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kabla hujaandika kwamba hukukipenda, jiulize hasira yako inamwendea nani. Nilipoisoma *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, nilikifunga kitabu mara mbili kwa ghadhabu, kwa vile Bwana Maksuudi anavyomtawisha binti yake Maimuna ndani, huku yeye mwenyewe nje akifanya ayatakayo. Mwanamke aliyekulia ndani ya nyumba ya mawe, akaujua mtaa kwa kuusikia kupitia dirishani, hawezi kuzisoma kurasa hizo kwa moyo mtulivu. Kwa siku tatu nilijiambia kwamba ni kitabu kibaya. Lakini vipande vyangu vyote vilivyoandikwa "hasira" vilikuwa kwenye kurasa za Maksuudi, na mwandishi aliyeweza kunifanya nimchukie mtu asiyekuwapo duniani amefanya kazi yake barabara. Kumchukia mhusika si kukichukia kitabu, na wasomaji wengi huchanganya mambo haya mawili.

Iko pia chuki iliyoletwa na shule. *Utengano* ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa, na nimekutana na watu wazima wanaosema hawaipendi ilhali wanachokikumbuka ni orodha ya sifa za wahusika waliyoikariri kwa ajili ya mtihani. Ikiwa kitabu ulikisoma hivyo, usikitolee hukumu kabla ya kukisoma upya, taratibu, bila ya swali lolote mbele yako.

Kisha andika ulikuwa katika hali gani uliposoma. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, ni kitabu chembamba kisicho na kisa kilichonyooka. Mambo yake huenda kama ndoto, na maswali ya kifalsafa yanachukua nafasi ambayo kwingine huchukuliwa na matukio. Mimi nilikisoma kwa vipande vya kurasa tano au sita, ndani ya boti ya kwenda Mokowe na kwenye foleni ya hospitali, nikiwa na mgonjwa. Nikaandika "sikuelewa, kimenichosha". Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanasema zaidi juu ya foleni kuliko juu ya kitabu. Nilikisoma tena mwezi wa Ramadhani, usiku, kwa vikao viwili, na nikakuta kina mantiki yake. Hata hivyo sikukipenda, na sioni haya kulisema: sikupata ndani yake mtu wa kumshika mkono, mwenye njaa, mwenye mama, mwenye deni dukani, na riwaya isiyo na mtu wa namna hiyo huniacha nje ya mlango. Sasa kauli yangu ya kutokipenda ina sababu, na anayekipenda anaweza kunijibu.

Jihadhari pia na kupenda kitabu kwa kuwa kimekutaja. *The Dragonfly Sea* ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, imeanzia kisiwani Pate, na nilipokuwa nikiisoma niliruka kwa furaha kila nilipokuta jambo ninalolijua. Furaha hiyo ni halali. Iandike, lakini itenge na mengine, uiweke kwenye mstari wake peke yake, halafu ujiulize kama safari ya Ayaana, mhusika wake mkuu, ingekushika hata kama angezaliwa kisiwa usichokijua.

Kuhusu maneno yenyewe, yaepuke "lugha tamu", "inasisimua" na "inafundisha". Nakili sentensi moja iliyokufanya utake kusema hivyo, kisha ueleze imefanya nini. Usifichue mwisho kwa ambaye hajasoma. Na usiandike kwamba mwandishi hajui kuandika. Andika ulipopotea, na ukurasa.

Mwisho, chini ya kila maoni acha nusu ya ukurasa wazi, na juu yake uandike tarehe. Ukikisoma kitabu tena baada ya miaka, jaza nafasi hiyo kwa wino wa rangi nyingine bila ya kufuta ya zamani. Katika daftari langu ukurasa wa *Nagona* umejaa juu na chini. Wa *Kuli* bado una nusu nyeupe, na shangazi ameshaniuliza mara mbili ni lini nitakirudia.