Kupima ugumu wa mwamba kabla ya kushusha duara

Wachimbaji wa duara (shimo la mgodi mdogo) moja la dhahabu mkoani Geita waliniuliza: wakodi kompresa, mashine ya hewa ya kuendeshea drili, au waendelee na moko (patasi ya chuma) na nyundo? Tuliupima mwamba palepale. Utaratibu ni huu.

1. Gawa ukuta. Mwamba unapobadilika rangi, uozo au wingi wa nyufa, hesabu hilo ni eneo jipya na lipime peke yake.

2. Kucha, kisu, nyundo ya jiolojia. Ukikwaruzika kwa kucha, uko chini ya MPa 1 (megapaskali, kipimo cha mgandamizo ambao mwamba hustahimili kabla ya kuvunjika). Kisu kikiumenya kwa shida, ni MPa 5 hadi 25. Kisu kikishindwa lakini pigo moja zito likauvunja, 25 hadi 50. Ukihitaji zaidi ya pigo moja, 50 hadi 100. Mapigo mengi, 100 hadi 250. Kwa duara dogo, mimi naiamini hatua hii kuliko kifaa chochote.

3. Nyundo ya Schmidt. Ni kifaa cha springi kinachopiga mwamba na kuonyesha namba ya jinsi kinavyodunda; namba kubwa, mwamba mgumu. Chukua aina ya L. Aina ya N hupiga kwa nguvu takriban mara tatu zaidi, na mwamba dhaifu huupasua.

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na kosa huwa kwenye sehemu uliyochagua kupiga. Uso uliotoka kulipuliwa una nyufa usizoziona, kwa hiyo namba hushuka na utadhani mwamba ni laini. Bandua ngozi hiyo mpaka ufike kwenye jiwe zima, kisha sugua kwa jiwe la kunolea hadi pawe laini. Usipige karibu na ufa wala ukingoni. Bonge lililolegea usiliguse kabisa: litakudanganya, na linaweza kukuangukia. Ukisikia mlio wa utupu, tupa kipimo hicho. Piga mara 20, kila pigo mahali papya. Shika nyundo iwe nyuzi 90 na uso wa mwamba. Ukipiga kuelekea chini namba hupungua, ukipiga kuelekea juu huongezeka, hivyo tumia jedwali la masahihisho la nyundo yako. Kama duara lina maji, pima mwamba ukiwa umelowa, maana miamba mingi hudhoofika ikilowa.

4. Amua. Chini ya MPa 25, moko na sururu kwa kawaida zinatosha. Zaidi ya 50 na nyufa chache, panga kuchoronga kwa kompresa na kulipua, kazi ya mlipuaji mwenye leseni. Katikati, hesabu nyufa kwanza: mwamba mgumu wenye nyufa za karibukaribu hung'oka kwa mtaimbo.