Printa ya zamani inapokokota kurasa kwenye Linux

Wenye stesheneri jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, msimu wa ripoti ukifika, printa ya leza ikisimama dakika nzima kati ya ukurasa na ukurasa, msikimbilie kununua katriji, haihusiki kabisa. Fungua terminali, andika top, amri inayoonyesha programu zinazotumia prosesa. Ukiona gs (Ghostscript, programu inayoandaa kurasa kwa ajili ya printa) inakula prosesa, kompyuta ndiyo inayochelewa. Ikiwa kompyuta imetulia na taa ya printa inapepesa, mzigo uko kwenye printa au kwenye waya.

Kiini huwa ni dpi, yaani idadi ya nukta kwa inchi. Ukurasa wa A4 wa nyeusi tupu kwa dpi 600 ni kama megabaiti 4.3 kabla ya kubanwa. Kwa 1200 ni 17, na USB 1.1 hupitisha takriban megabaiti 1 tu kwa sekunde. Andika lpoptions -p Jina -l, ukiweka jina la printa yako. Chaguo lenye kinyota ndilo linalotumika sasa. Kisha punguza dpi:

sudo lpadmin -p Jina -o Resolution=600dpi

Neno Resolution na thamani yake viandikwe kama orodha ilivyoonyesha, herufi kwa herufi. Kwa maandishi matupu, 600 inatosha kabisa.

Printa ya PostScript (lugha ya kuielezea printa ukurasa) ikikwama kwenye PDF zenye vivuli au nembo zinazopitisha mwanga, jaribu kubadili programu inayogeuza PDF kuwa PostScript:

sudo lpadmin -p Jina -o pdftops-renderer-default=pdftops

Ikiwa printa inaelewa pia PCL, lugha nyingine ya printa, draiva ya PCL mara nyingi huipunguzia kazi.