Boti ya kuvulia kwenye kina kifupi: pima maji, pima na mgongo wako

Karibu kila anayeniuliza kuhusu boti ya kuvulia kwenye maji ya magotini huanza na swali moja: inaelea kwenye sentimita ngapi? Mimi humrudishia swali jingine. Kuanzia unaposhusha boti hadi unapotupa mshipi wa kwanza, unakatiza maji wazi kwa dakika ngapi? Chukua saa, andika kwa safari tatu au nne, ndipo uanze kutafuta boti.

Mimi nilichelewa kufanya hivyo. Nilipokuja kuandika, nikakuta kwamba katika siku ya saa sita majini, dakika 80 zilikwenda kwenye maji wazi yenye upepo, kwenda na kurudi. Penye kina cha chini ya sentimita 30 sikukaa hata dakika 40. Muda uliobaki nilikuwa kwenye maji ya kiunoni, ambako boti yoyote ndogo inapita bila shida. Kumbe boti nzima niliichagua kwa ajili ya zile dakika 40.

Ilikuwa boti ya mita 4.3, bapa kabisa chini, nyepesi kiasi kwamba watu wawili tuliisukuma mchangani bila jasho. Asubuhi maji yakiwa yametulia ilikuwa raha tupu. Upepo ukishaamka, kila wimbi lilikuwa kipigo. Mwenzangu ninayevua naye ana tatizo la pingili za kiuno, na njia nzima ya kurudi alikuwa anasimama, magoti ameyakunja, kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, kaizungusha mkononi. Siku moja tulifika nchi kavu akakaa kwenye ukingo wa boti, mikono kwenye mapaja, kama dakika kumi hivi kabla hajaweza kushusha mguu. Sikuipenda tena boti ile baada ya siku hiyo.

Ili boti ielee kwenye maji kidogo inatakiwa iwe nyepesi, na tumbo lake liwe bapa na pana. Basi hayohayo ndiyo yanayokuumiza. Chukua ndoo ya maji uipige kwa kiganja kilicholala, halafu ingiza mkono kwa ubavu wake: ya kwanza inawasha ngozi, ya pili hata hujui umegusa maji saa ngapi. Tumbo bapa linaangukia wimbi kwa eneo lake lote kwa mpigo mmoja. Tumbo la V linapasua. Uzito nao una sehemu yake, maana wimbi linaloitikisa boti nzito kidogo tu, nyepesi linairusha. Na maji ya kina kifupi yana tabia yake: mawimbi yakianza kuhisi sakafu yanapunguza mwendo, yanasogeleana na kusimama wima. Upepo ukikutana uso kwa uso na mkondo wa maji yanayokupwa, unapata vile viwimbi vya nusu mita, kilele hadi kilele mita chache tu, boti haijamaliza kushuka kimoja imeshapanda kingine.

Kwa hiyo ukienda kuangalia boti, anzia nyuma, uiname. Tazama tumbo linavyopanda kutoka katikati kwenda ubavuni. Pembe hiyo hupimwa kwa nyuzi. Boti za maji haba sana huwa kati ya 0 na 10. Za kati, zinazovuka ghuba na bado zikaingia kwenye kina kifupi, huwa karibu na 12 hadi 16. Za bahari kuu hufika 20 hadi 24. Kisha nenda mbele uangalie tena, kwa sababu nyingi zimeundwa kwa busara: omo kali ya kupasua, halafu tumbo linalegea taratibu na kuwa bapa nyuma. Muundaji mzuri utamtambua hapo. Ila usidhani V ni tiba ya kila kitu. Boti yenye V kali ikisimama inalala upande mara tu watu wawili wakisogea ubavu mmoja kumtazama samaki, na anayevua amesimama atachoka haraka kuliko unavyofikiri. Boti bapa na pana inasimama imara kama meza. Kama siku yako nyingi inapita umesimama unasaka kwa macho, jambo hili lina uzito mkubwa.

Ukiweza kuongeza kitu kimoja tu, ongeza urefu. Upana unakupa utulivu boti ikiwa imesimama, lakini unaongeza eneo la kupigwa na maji. Urefu unasambaza uzito, hivyo boti haikai chini sana majini, na wakati huohuo unalaza boti juu ya vilele viwili badala ya kuitumbukiza katikati yake. Gharama yake ni mashine kubwa zaidi, trela refu zaidi, na ugumu wa kugeuka kwenye mifereji myembamba. Mimi naona inafaa.

Sasa hesabu ambayo natamani kila mnunuzi aifanye kabla ya kutoa pesa. Ile namba ya kina anayokutajia muuzaji mara nyingi ni ya boti tupu. Pima urefu wa boti kwenye mstari wa maji, zidisha kwa upana wake pale pale kwenye maji, kisha zidisha kwa 0.8 kwa sababu mbele imechongoka. Mfano: mita 5 kwa mita 1.6 ni mita za mraba 8. Ukizidisha kwa 0.8 unabaki na 6.4. Kuishusha boti hiyo sentimita moja kunahitaji uzito wa takriban kilo 65. Yaani kila mtu mzima anayepanda ni sentimita moja, au zaidi kidogo akiwa amejaza mwili. Boti ndogo ya mita 4.5 kwa 1.1 inashuka sentimita moja kwa kama kilo 40.

Mimi niliwahi kuuziwa boti niliyoambiwa inakaa majini sentimita 20. Nikapakia kama ninavyopakia siku zote: watu watatu, sanduku la barafu la kilo 60, lita 50 za petroli, betri ya pili. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja haifiki kilo, lakini lita 50 bado ni kama kilo 37. Jumla ikapita kilo 330, tena nyingi zikiwa nyuma. Nikachora mstari wa chaki pale maji yalipofika nyuma kabla ya kupakia, na mwingine baada ya kupakia. Ilikuwa imeshuka sentimita 7. Chaki ni kitu kidogo, lakini hakuna maneno ya muuzaji yanayoishinda. Nenda nayo, na wapakie watu wako wenyewe.

Halafu kuna kina cha pili ambacho watu hukisahau: kina cha kuondokea. Boti ya mashine, kabla haijapanda juu ya maji na kuanza kuteleza, inakaa chini kwa nyuma. Boti yangu ya sasa inaelea kwenye sentimita 27 mashine ikiwa imeinuliwa, lakini haipandi juu ya maji vizuri penye kina chini ya sentimita 60. Ukiingia mahali kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, jua utatoka kwa pondo. Na kama maji yanakupwa huku wewe umejisahau na samaki, utapwelewa hapo hadi yajae tena.

Zipo boti zilizochimbwa mfereji chini kwa nyuma ili panga la mashine, yaani propela, likae juu zaidi. Zinafanya kazi kweli kwenye kina kifupi. Lakini ule mfereji unaondoa sehemu ya tumbo iliyokuwa inaibeba boti pale penye uzito mkubwa, kwa hiyo nyuma inashuka, na mwendo wa juu unapungua. Kama safari yako ina maji wazi mengi, fikiri mara mbili. Mashine nayo usiichague kwa nguvu pekee: ya stroki nne ya farasi 40 inakaribia kilo 100, na kilo hizo zote zinaning'inia mwisho kabisa wa boti. Ukiwa na betri na tangi la mafuta, vipeleke katikati au mbele kidogo.

Siku ya kujaribu boti, usikubali kuitwa asubuhi maji yakiwa kama kioo. Omba mchana, upepo ukiwepo. Mwache mwingine aendeshe, wewe ukakae mbele, halafu katikati, halafu theluthi ya mwisho kuelekea nyuma. Utashangaa ni boti tatu tofauti. Mbele ndiko kunakorushwa zaidi, na watu wamewahi kuvunjika pingili za mgongo kwa kukaa omo kwenye boti ndogo iendayo kasi. Usimkalishe mzee wala mtoto huko. Mto laini wa sponji usikudanganye, unabanwa hadi mwisho kwa kipigo cha kwanza. Sponji ngumu iliyoshikamana inasaidia zaidi, na magoti yaliyokunjwa yanasaidia kuliko vyote.

Jaribu pia mwendo. Nguvu ya kipigo inapanda haraka kuliko kasi yenyewe: ukishuka kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 28, kwa makadirio kipigo kinapungua nusu. Kisha jaribu kulikata wimbi kwa pembe badala ya kuliendea uso kwa uso. Boti ikiwa na vile vibao viwili vya nyuma vinavyoshushwa na kupandishwa, vishushe kidogo uone omo inavyolala na kuanza kupasua. Kwenye mawimbi yanayokufuata kwa nyuma, vipandishe, kwani omo iliyolala sana inaweza kuchoma maji na boti ikageuka ubavu ghafla.

Kabla hamjarudi, zima mashine kwenye kina kifupi, tia nanga, nyamazeni. Sikiliza. Boti nyingine zinapiga kofi kila kiwimbi kinapogonga ile kona ambako tumbo linakutana na ubavu. Ta, ta, ta, na samaki wa maji haba wanalisikia kabla hujawaona. Sauti hiyo ikiwepo, sogezeni uzito mbele au nyuma, mara nyingine inakoma. Isipokoma, achana nayo. Alumini ni nyepesi na haiogopi mwamba, lakini kila kitu kikidondoka ndani yake kinatangaza. Faiba imetulia zaidi ila ina uzito wake.

Mwishowe nilichukua ya mita 5.4, nyuzi 13 kwa nyuma, omo kali. Mwenzangu anakaa kwenye benchi lililo nyuma kidogo ya katikati, na siku hizi akifika anashuka mwenyewe na kushika kamba. Kuna kidimbwi kimoja nyuma ya ukingo wa mchanga ambacho boti ya zamani ilikuwa inaingia hata maji yakiwa yamekupwa. Hii haiingii. Tunatia nanga mlangoni, nazamisha pondo lenye alama za kila sentimita 10, na kama bado ni 20 tunashuka na kwenda kwa miguu, tukiburuza nyayo kwenye mchanga ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, asikanyagwe akiwa amejifukia.