Kabla hujafunga waifai huku Kigoma, anza na haya

Wengi huku Mwanga na Ujiji wananunua rauta (kile kifaa kinachosambaza waifai) kwanza halafu ndo wanaanza kuuliza itakaa wapi, na hela ishatoka. Anza na nyumba yenyewe. Washa hotspoti kwenye simu moja, iweke pale unapotaka rauta ikae, juu juu hivi usawa wa kichwa, chukua simu nyingine, iunganishe na hiyo hotspoti, tembea nayo chumba kwa chumba mpaka uani, ukiona vile vimistari vya waifai vimebaki kimoja baada ya kupita ukuta wa tofali za kuchoma basi ushajua tatizo liko wapi. Kuna gesti moja nilihangaika siku nzima chumba cha mwisho hakishiki kitu, kumbe katikati kuna simtank la lita 2000 limejaa maji, na maji yanameza mawimbi kweli kweli, mabati nayo yanayarudisha yalikotoka. Tukasogeza rauta mita kama tatu hadi koridoni, ikashika.

Rauta nyingi za sasa zina mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya ukuta ila kasi yake ndogo, ya 5 GHz yanakimbia lakini ukuta mmoja tu yashachoka. Kama una frem sokoni na majirani wote wana waifai, kwenye 2.4 chagua chaneli (kinjia cha mawimbi) 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani.

Umeme sasa. Nunua betri ndogo ya akiba ya rauta, ila soma kwanza adapta imeandikwa volti ngapi, 9 au 12, maana ukichomeka volti kubwa unaiunguza. Na radi za huku tunazijua jamani, ukiona mvua inakuja, kabla haijaanza kunguruma, chomoa adapta na ule waya unaotoka nje kwenye antena pia, radi inapita hata huko, watu wengi wanausahau.

Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta badilisha siku hiyo hiyo, ulinzi wa waifai chagua aina ya WPA2 au WPA3 kama ipo, na WPS (ile ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila) zima. Wateja watengenezee mtandao wao wa wageni, wasichanganyike na kompyuta yenye hesabu zako. Nywila yako wewe iandike kwenye daftari la ndani, siyo pale ukutani kaunta.