Vipindi vya watoto baada ya masomo: hesabu dakika, usiamini ratiba

Ratiba ikisema "michezo, saa 10 hadi 11", usidhani watoto wamecheza saa nzima. Siku moja nilikaa pembeni na saa mkononi, nikamfuatilia kijana mmoja. Alikimbia dakika 13. Zilizobaki alipanga foleni, akasikiliza maelezo, akasubiri mpira.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Chagua watoto watatu: mchangamfu, wa kati, na yule anayejificha nyuma ya wenzake. Andika dakika ambazo kila mmoja anahema kwa mwendo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Si lazima uzibebe zote wewe. Nikipata 30 naridhika.

Hatua ya 2: Futa michezo ya "ukiguswa unatoka". Anayetoka wa kwanza ndiye mara nyingi anayehitaji kukimbia kuliko wote, na sasa amekaa chini. Kwangu, aliyeguswa huruka mara 10, kisha anarudi uwanjani. Gawa timu za wanne wanne, ongeza mipira, maelezo yasizidi dakika moja. Wasichana wakianza kukaa pembeni, waulize faraghani kabla ya kusema hawapendi michezo. Kwetu tatizo lilikuwa chumba cha kubadilishia nguo kisicho na komeo! Komeo likawekwa, wakarudi.

Hatua ya 3: Maji yawekwe wanapoyaona. Soda usiwape, na wewe usinywe mbele yao. Pipi zisiwe zawadi, wala kuzunguka uwanja kusiwe adhabu. Tutawafundishaje kupenda mbio tukizifanya kiboko?

Hatua ya 4: Kabla ya siku ya kwanza, mzazi ajaze fomu: pumu, mzio, kisukari, kifafa, dawa, namba ya simu. Dawa ya pumu ya kuvuta ikae uwanjani, si ofisini kwenye kabati lililofungwa.

Hatua ya 5: Likizo ndefu ipange upya. Usingizi na milo huvurugika, kwa hiyo anzeni saa ileile kila asubuhi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, usiwaite alfajiri. Joto likizidi, michezo mizito ifanyike mapema. Mwenye kizunguzungu au kichefuchefu apumzike kivulini, anywe maji. Akianza kuchanganyikiwa au akizimia, mpoze mwili kwa maji na uite gari la wagonjwa papo hapo.

Baada ya wiki mbili, chukua saa tena, uwapime watoto walewale watatu. Anza na yule wa nyuma.